Sahani ya Pili ya Galen

Orlin, Nebraska
Jumapili, 30 Agosti 1981

Galen mwanangu,

Tumerudi kanisani sasa hivi. Baba yako kajilaza kwenye kochi na viatu vyake, viazi viko jikoni, na mimi nimekaa mezani nikuandikie kabla havijaiva. Simu unaijua mwenyewe: mtu akianza kuongea na mji wa mbali, baba yako anasimama nyuma yake na kutazama saa ya ukutani, maneno yote yanakimbia.

Leo nimesimama mlangoni mwa kanisa mpaka Padri Kubik akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Sikupoteza kitu. Nilikuwa nawapa watu nafasi ya kuniuliza habari zako. Na wameuliza, baba, wote. Hata Lavonne Meinke, kwa ile sauti yake ya asali iliyoingia mchanga, alitaka kujua kama kweli uko kwenye timu ya mpira ya chuo, huu wa kubebwa mikononi na kuangushana, au umekwenda kubahatisha tu. Nikamwambia, "Lavonne, si mwanao Kent anauza bima? Basi aanze kuwauzia hao watakaogongana na Galen." Akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Najua hukupewa ufadhili. Umejileta mwenyewe, karo unajilipia kwa jasho lako la kiangazi, na kwangu mimi hiyo ni heshima zaidi. Jezi haiandikwi nani kafadhiliwa na nani kajileta. Ila lile neno la Kocha Whitcomb, alilolisema hapa hapa mezani kwetu, kwamba usipofika ratili mia mbili arobaini mwezi wa Aprili utairudisha jezi, lisikunyime usingizi. Umeondoka na mia mbili kumi na nne, na mifupa yako ni ya akina Pospisil, ina nafasi. Mimi nimenenepesha maksai tangu nikiwa mtoto. Nilimwambia kocha yeye akunyanyulishe vyuma na akulishe, mengine yatakuja yenyewe. Akacheka, akaongeza kipande cha pai.

Sasa nieleze mnakula nini. Usiniandikie "chakula ni kizuri" kama baba yako. Nataka kujua nyama ni ya sehemu gani na imepikwaje.

Nilikuwa nimeshafunga soseji na nyama ya moshi nikutumie, halafu nikajizuia. Unanijua. Wakati wa mavuno, mtu akishanyanyua hata gunia moja shambani kwetu, anakula mezani kwangu, awe nani, hata yule fundi wa mashine anayenuka pombe. Na mwaka ule Harold Benes alipokuja kutuvunia na mkate wake mwenyewe kwenye kikopo, sikusema na mkewe mpaka Krismasi. Ilikuwa ni kuniambia kwamba sijui kupika. Nikituma soseji huko, wapishi wenu watasemaje? Kwamba mama Pospisil anadhani wanamlaza mwanawe na njaa? Kwa hiyo nimezirudisha kwenye friza. Na yule maksai mwenye doa niliyemtenga kwa ajili yako, nimemtoa kwa karamu ya parokia ya Oktoba. Watu watamla kwa jina lako. Padri nimeshamwambia atangaze hivyo hivyo.

Kula, inua, lala.

Mama yako aliyevimba kichwa,
Arlys


Chuo cha Wendover
13 Septemba 1981

Mama,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake akiamka.

Ukumbi wa vyuma uko chini ya majukwaa ya uwanja, hauna dirisha hata moja, na unanuka kama zizi letu mwezi wa Februari. Tunaingia kabla hakujapambazuka, na tena kabla ya chakula cha jioni. Kocha Whitcomb ana ubao, na hakuna anayegusa chuma kabla ya kusikiliza. Anasema watu wengi wanadhani chuma ndicho kinachojenga msuli. Si kweli. Chuma kinauchana. Nyuzi ndogo ndogo za ndani zinakatika, ndiyo maana kesho yake huwezi kushuka ngazi. Kinachojenga ni chakula na usingizi. Mwili unachukua protini ya nyama, mayai, maziwa, maharage, unashona palipochanika na kuongeza kidogo, ili safari ijayo pasichanike kirahisi. Usipoupa kitu cha kushonea, unakwenda kukata kwingine mwilini mwako mwenyewe. Na anayekula bila kuinua, naye anaweka mafuta tu. Viwili lazima viende pamoja, na visikae mbali: ukitoka kwenye chuma, mguu wa pili uwe mezani. Kocha alituambia, "Mwenye kuinua bila kula anabomoa ukuta na kungoja matofali yajipange." Nimekuandikia maneno yake kama alivyosema kwa sababu nilijua utayapenda.

Umeuliza chakula. Bwalo la wachezaji liko ng'ambo ya uwanja. Asubuhi kuna mayai ya kukoroga kwenye sinia pana kama beseni lako la kufulia, nyama ya nguruwe, uji wa shayiri, maziwa kwenye mapipa yenye bomba. Jioni ni nyama ya ng'ombe ya mgongoni, ya kuoka, ndani bado nyekundu, na viazi, na maharage. Ijumaa ni samaki, hata kwa Waprotestanti. Mtu anaruhusiwa kurudi kuongeza. Mkubwa wa wapishi anaitwa Bi. Opal, anaimba siku nzima. Vyombo ni vingi kupita kiasi.

Msalimie Baba. Lavonne mwonee huruma kidogo.

Galen


Chuo cha Wendover
11 Oktoba 1981

Dada Twila,

Nakuandikia wewe Denver kwa sababu nikikaa na jambo hili peke yangu nitalisema mahali pasipofaa. Usimwambie Mama.

Yote niliyomwandikia kuhusu bwalo ni kweli. Ninayajua kwa sababu naosha vyombo humo. Sili humo. Bwalo ni la wenye ufadhili. Sisi tuliojileta tunainua vyuma vile vile, saa ile ile, tunatukanwa na kocha yule yule, kisha tukitoka wenzetu wanakwenda kushoto kula na sisi tunakwenda kulia. Ndiyo sheria. Wanasema mjileta akilishwa ni sawa na kupewa ufadhili kwa mlango wa nyuma, na timu nzima inaweza kuadhibiwa. Kwa hiyo nakula tambi chumbani, na mkate wa siagi ya karanga, mpaka ulimi unagandana na paa la kinywa.

Nilikuja na mia mbili kumi na nne. Katikati ya Septemba mizani ikasema mia mbili na tisa. Nainua kuliko nilivyowahi kuinua, Twila, na ninapungua. Kocha alinitazama mapaja akaniuliza ninachoinua kinakwenda wapi. Nikasema labda mizani imeharibika. Akasema mizani haina sababu ya kunichukia.

Hili lingine usicheke. Nilianza kula yaliyorudi. Sahani zinakuja dirishani kwangu, kuna vipande vya nyama ambavyo mtu kakata upande mmoja tu akaacha. Nilikuwa nageuka ukutani. Rodell Banks akaniona. Ni kijana wa Kansas City, wa mstari wa mbele kama mimi, ila yeye ana ufadhili na ana shingo kama gogo. Kesho yake alirudi kuongeza, akaniletea dirishani sahani nzima, imejaa, haijaguswa, kaifunika kwa karatasi. Akasema, "Wewe mkulima, hii ioshe vizuri."

Tangu hapo ni kila jioni. Nakula nimesimama nyuma ya rafu za masufuria, jasho la vyuma halijakauka. Bi. Opal akiona nimeshika uma anaimba kwa sauti kubwa zaidi. Na mwili umeanza kuitikia. Jana mizani imesema mia mbili kumi na tisa.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie Mama. Leo hii, saa hii, parokia yote imekaa chini inamla maksai wangu. Nikimwambia, itabidi asimame pale mlangoni mwa kanisa na kuyarudisha maneno yake moja moja.

Mdogo wako,
Galen


Denver
19 Oktoba 1981

Galen,

Nitanyamaza, kwa kuwa umeomba. Ila sikubaliani nawe. Mama si mtu wa kupewa nusu ya habari. Ukimpa nusu, ile nyingine anaijaza mwenyewe, tena kwa furaha. Mwambie yote au usimwambie neno. Na huyo Rodell asitajwe nyumbani kwetu hata kwa kupitiwa. Akishikwa anakupa chakula, yeye ndiye mwenye cha kupoteza.

Twila


Orlin
Jumapili, 29 Novemba 1981

Galen mwanangu,

Nyumba imekuwa kubwa tena tangu basi lako liondoke. Mifupa ya bata mzinga bado nachemshia supu, ingawa hukuniachia mingi. Mjomba wako Ladislav anasimulia kila mahali kwamba Sikukuu ya Shukrani mwaka huu walikuwa watu saba na Galen mmoja. Kule ghala la ushirika wanaume walimwuliza baba yako kama ni kweli ulimaliza paja zima. Na yeye, baba yako mwenyewe huyo asiyesema, akasema, "Na mbawa." Nilitaka kulia.

Umekuwa mtu mwingine. Shati la Jumapili lilikukaa mabegani kama limeazimwa. Niliona macho yako yameingia ndani kidogo, nikamwambia baba yako ni usomi.

Na lile jambo la yule rafiki yako Rodell halinitoki. Ulilisema na kijiko mdomoni, halafu ukaanza kuzungumzia theluji, lakini mimi nimelishika. Kwamba kila jioni anarudi kuongeza, na hiyo sahani ya pili hali, anakupitishia wewe kwenye dirisha la vyombo, pale unapochuma senti za kuosha baada ya chakula. Nikakuuliza kwani wewe hukushiba ya kwanza, ukacheka ukasema ukiinua hushibi. Huyo kijana amelelewa. Hanifahamu, hajawahi kuonja hata kolachi yangu moja, vile vimkate vyetu vitamu vya matunda, na analinyima tumbo lake nyama ili mwanangu apate mara mbili. Nimemweleza Padri Kubik, nimewaeleza akina mama wote tukimenya tufaha. Lavonne alikuwepo. Alimenya tufaha lake mpaka likabaki kokwa.

Mlete Pasaka. Nitamtengenezea nguruwe wa kuoka na madonge ya unga na kabichi chachu, aone mezani kwetu mtu anahesabiwa vipi.

Mama yako,
Arlys


Orlin, Nebraska
17 Januari 1982

Kwa Kocha Whitcomb,

Mimi ni Arlys Pospisil, mama wa Galen wa mstari wa mbele. Ulikula pai kwetu. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo utanivumilia mwandiko.

Nimekuwa nikijiambia toka Shukrani kwamba mtu akikutunzia mtoto huwezi kukaa kimya kama umetunziwa mbwa. Galen amenieleza yote unayowafundisha, kwamba chuma kinachana na chakula kinashona, na mimi nimewafundisha wengine huku. Sasa hata mwalimu wa mazoezi wa shule yetu anakuja kuniuliza. Mwanangu ananiambia amepita mia mbili thelathini. Sisi tunajua kazi ya nani hiyo. Ni yako na ya wale wapishi, hasa huyo Bi. Opal.

Na nakuomba umshukuru mbele ya wenzake kijana Rodell Banks. Yawezekana hujui, maana watoto wema hawajitangazi. Kila jioni anarudi kuongeza chakula, na sahani hiyo hali, anampitishia Galen kwenye dirisha la vyombo, na Galen anaimaliza kule kule nyuma kabla mwili haujapoa, kama wewe unavyotaka. Timu yenye mtu kama huyo haiwezi kushindwa. Ningekuwa mimi ningemfanya nahodha.

Nimefunga kolachi za plamu na za jibini, dazeni nne. Mpe na Bi. Opal. Bwalo linalolisha vijana wake hivyo, na wenye ufadhili na waliojileta, meza moja, ni bwalo la Kikristo, na nimewaambia watu hivyo.

Wako mwenye shukrani,
Arlys, mke wa Emil Pospisil


Chuo cha Wendover
28 Januari 1982

Bi. Pospisil,

Nimeanza barua hii na kuichana, kwa hiyo sasa nitaandika wazi.

Galen hali katika bwalo letu na hajawahi kuruhusiwa kula humo. Wanaokula humo ni wenye ufadhili tu. Yeye ameajiriwa kuosha vyombo. Sahani aliyokuwa akipewa na Banks ilikuwa ndiyo chakula chake cha maana kwa siku, na kwa sheria zetu lilikuwa kosa kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea.

Barua zinazokuja kwa makocha hufunguliwa kwanza ofisini. Yako ilisomwa na watu watatu kabla yangu. Kolachi zako ziliwekwa mezani walipokuwa wanaisoma. Ingefika kwangu imefungwa, ningeitia mfukoni na kuisahau.

Vijana wote wawili waliitwa. Galen alijaribu kusema kwamba alikuwa akiiba, kwamba Banks hakujua. Barua yako ilikuwa juu ya meza. Galen ameondolewa kwenye timu na kwenye kazi ya vyombo. Banks amesimamishwa na ufadhili wake umekatwa. Mpishi naye ameonywa.

Jumatatu ya wiki ile barua yako ilipofika, mwanao alisimama kwenye mizani yangu akiwa na ratili mia mbili thelathini na sita. Tangu Oktoba niliona anaongezeka, na sikumwuliza anakula wapi kwa sababu nilijua nikiuliza atanijibu. Angefika Aprili bila shida.

E. Whitcomb


Orlin
Jumapili, 7 Februari 1982

Galen,

Nilimsomea baba yako barua ya kocha. Akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe aliokuwa ametoka kuwaangalia. Mpaka giza linaingia alikuwa hajarudi.

Sijakwenda kanisani leo. Nimesema nina mafua.

Watu gani hao, Galen? Mtu ananyanyua kwako kabla hakujapambazuka, kwa jina lako, kwa uwanja wako, halafu ukifika wakati wa kula unamwambia apite kulia? Hata nguruwe wangu sijapata kumfanyia hivyo. Halafu wamekula kolachi zangu. Wamesoma huku wanakula. Nimeziona hizo sahani kichwani usiku wote, na wewe nyuma ya masufuria na uma.

Lakini na wewe. Uliniandikia mayai kwenye sinia. Uliniandikia nyama ndani bado nyekundu. Nilisoma barua ile kwa sauti mbele ya akina mama. Ungeniambia neno moja tu, "Mama, sili," ningeendesha gari hilo kuukuu mpaka huko na friza nzima nyuma, nikapika chini ya dirisha la huyo kocha. Nilimtoa maksai wako, Galen. Alikuwa wako. Wamemla akina Meinke, wamechukua na mifupa ya mbwa. Uliniacha niseme. Kila Jumapili uliniacha nisimame pale niseme, na wewe ukijua.

Mimi nilishukuru. Ndilo kosa langu nililoliona mpaka sasa, kwamba nilishukuru. Sikulelewa kupewa kitu nikanyamaza.

Baba yako amechinja Jumatano, hakuniuliza ni yupi. Nyama inakuja kwa basi la Ijumaa, kwenye masanduku yenye barafu, na zile soseji za Agosti ziko chini kabisa. Kaipokee mwenyewe kituoni. Kula, baba. Angalau sasa kula.

Mama


Wendover
21 Februari 1982

Mama,

Nyama imefika, haijaharibika. Mwenye nyumba amenipa nafasi kwenye friza yake. Mwambie Baba ahsante.

Rodell ameondoka. Nilikwenda kumsaidia kubeba mizigo, hakutaka. Mjomba wake alikuja kumchukua na gari. Nilitaka kumwambia kwamba hukukusudia, kwamba ulikuwa unamsifu. Akasema anajua, alisomewa yote mle ofisini, mpaka pale pa nahodha. Akaniambia, "Mama yako anaandika vizuri." Kisha akafunga mlango wa gari.

Huko Kansas City hana mpira wala chuo. Nilimwandikia, hajajibu. Usimwandikie. Nakuomba kitu hicho kimoja tu, usimwandikie, wala usimtumie kitu, wala usimwandikie kocha, wala Bi. Opal. Bi. Opal siku hizi haimbi, wanasema.

Unaniambia nile. Ninakula. Nakula nyama asubuhi na jioni, sijawahi kula hivi tangu nizaliwe. Ukumbi wa vyuma siruhusiwi kuingia. Nilijaribu kuinua mawe ya mto nyuma ya nyumba, mpaka watoto wa jirani wakaanza kuja kunitazama, nikaacha. Suruali zinanibana tumboni na kulegea mapajani. Jana nilipanda mizani ya duka la dawa: mia mbili arobaini na mbili. Nimefika, Mama. Nimepita.

Masomo nitamaliza mwaka huu. Baada ya hapo sijui.

Ulisema nilikuacha useme. Ni kweli. Nilikuwa napenda kusikia.

Galen


Orlin
Jumapili, 21 Machi 1982

Galen mwanangu,

Sijamwandikia mtu yeyote. Wiki nne nimekaa na kalamu kwenye droo. Barua kwa mama yake Rodell naiandika kichwani nikiwa nakamua, kila asubuhi, na kila asubuhi ninaifuta, maana kila ninavyoianza inatokea ni mimi ninayejieleza.

Twila amekuja. Ameniambia alijua tangu Oktoba. Hatukugombana sana. Alifua mapazia.

Nimerudi kanisani, sikuweza kuugua mafua mpaka Pasaka. Nilipanga nipite mlango wa pembeni, lakini theluji ilikuwa imeuziba, ikabidi nipite pale pale. Wakanizunguka kama kawaida. Walikuwa wameuzoea huo mwendo, mimi ndiye niliyewazoesha. Lavonne Meinke akauliza Galen amefika ratili ngapi sasa, na Aprili ndiyo hiyo. Akauliza vizuri tu, Galen, safari hii hata mchanga haukuwemo kwenye sauti. Kent amerudi nyumbani hana kazi, nadhani alitaka kusikia kitu kizuri cha mtoto wa mtu.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nilikuwa nao wote, umejipanga. Nikasema, "Ameumia goti."

Ndivyo ilivyotoka. Wakashika vifua vyao. Padri Kubik amekuombea kwenye misa ya pili. Ladislav ananiuliza kama watakupasua. Baba yako alisikia haya yote amesimama hatua mbili kutoka kwangu na kofia mkononi, na tulipofika kwenye gari akaiweka kofia magotini. Akasema, "Goti linapona, Arlys. Wataanza kuuliza lini atarudi uwanjani." Nikamwambia hili halitapona.

Kwa hiyo ukija Pasaka, nakuomba. Hapa nyumbani tembea upendavyo. Lakini tukiwa kanisani, kutoka kwenye gari mpaka kwenye benchi letu, na kwenye kupokea komunyo, chechemea kidogo. Kidogo tu, baba. Mbele ya watu.

Mama yako,
Arlys


Wendover
27 Machi 1982

Mama,

Uliwaambia goti la kulia au la kushoto?

Galen